Askari Wadogo Juu ya Meza

Mchezo ni mwalimu mkongwe. Kabla mtoto hajajua kusoma, amekwisha jua kufinyanga ng'ombe wa udongo, kukunja gari la waya, na kuwagawa wenzake makundi mawili, hawa maadui na hawa wenyeji. Mtu mzima naye hakosi mchezo wake. Nenda Lamu au Mombasa wakati wa alasiri, utawakuta wazee wameinama juu ya bao la mashimo 32, kete 64 zikipita mikononi mwao, na nyuso zao ni nyuso za majemadari. Hushambulia, hula, hulinda nyumba, hufunga na hufungwa. Na jua likitua huinuka wakacheka, wala hapana aliyeumia.

Kwa hiyo msomaji asishangae nikimwambia kwamba katika Uingereza, na katika nchi nyingine za Ulaya na Marekani, wako watu wazima wenye kazi na heshima zao ambao jioni hupanga juu ya meza majeshi ya askari wenye kimo cha milimita 28, yaani karibu nusu ya kidole gumba, wakapigana tena vita vilivyokwisha zamani. Mchezo huo una viwanda vyake, maduka yake na majarida yake. Kila mwezi hutolewa askari wapya, na kila mwezi majarida huwatazama na kuwatolea hukumu. Insha hii nayo ni hukumu. Nataka tuwapime askari hao, na majarida yanayowasifu, kama tupimavyo kitabu au picha: tuulize wana uzuri gani, wanasema kweli gani, na kweli gani wanaiacha nje. Swali la mwisho latuhusu sana sisi wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa miongoni mwa vita vinavyopiganwa juu ya meza hizo vimo vilivyopiganwa katika ardhi yetu.

Mchezo wenyewe ni huu. Wachezaji wawili husimama pande mbili za meza, aghalabu yenye urefu wa futi sita na upana wa futi nne. Juu yake wametandika kitambaa cha kijani, wakapanga vilima, miti ya waya, nyumba za kadibodi na mto uliopakwa rangi. Kila mmoja ana jeshi lake la askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga na maofisa. Hapana asogezaye askari apendavyo. Kitabu cha kanuni husema kila kikosi kitembee inchi ngapi, bunduki ifike inchi ngapi, na dadu zirushwe mara ngapi. Dadu ndizo bahati: jemadari hodari huweza kushindwa kwa dadu mbaya, kama alivyoweza zamani kushindwa kwa mvua, au kwa barua iliyochelewa njiani. Mara nyingi askari mmoja wa mezani huhesabiwa kuwa sawa na askari ishirini au zaidi wa kweli. Saa chache zikipita vita vimekwisha, na askari wote, wazima na waliouawa, hurudi katika sanduku moja.

Asili ya mchezo huu ina njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka kambini. Katika Prusia, mwaka 1824, ofisa kijana aliyeitwa von Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wa jeshi mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, akiwa ameiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake. Majeshi yake yalikuwa vipande vidogo vyekundu na vya buluu, visivyo na uso wala nguo. Von Müffling, mkuu wa maofisa washauri wa jeshi, aliupenda mchezo, na maofisa wakaanza kufundishwa kwa njia hiyo. Kusudi lake lilikuwa kumzoeza mtu kufikiri na kuamuru kabla hajafika mahali ambapo amri yake huua watu.

Njia ya pili ilitoka katika chumba cha watoto. Mafundi wa Nuremberg katika Ujerumani walikuwa wakisubu askari bapa wa stani tangu karne ya 18. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutumia werevu mpya. Risasi iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu. Ile iliyogusa kuta za kalibu ikiisha kuganda, ile ya katikati ilimwagwa, na askari akatoka akiwa na uwazi ndani. Alikuwa mwepesi, tena wa bei nafuu, na watoto wengi wa Uingereza wakapata majeshi yao. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini haya na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Lugha nyingine zimeyatenga mambo hayo mawili. Yetu imeyaacha pamoja, na pengine imefanya vyema. Askari wa mtoto na kifo cha mtu mzima vilitoka katika chungu kimoja cha madini.

Aliyezikutanisha njia hizo mbili mbele ya wasomaji wengi ni H. G. Wells, mwandishi wa riwaya. Mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mzinga mdogo wa springi uliotupa kipande cha mti. Kitabu chake ni cha furaha, lakini karibu na mwisho furaha inageuka kuwa onyo. Wells anatwambia kwamba mtu akivicheza vita hivi vidogo mara chache tu, na kuona jinsi mipango yake inavyoharibika, atatambua kwamba vita vikubwa ni jambo la fujo na upumbavu mkubwa. Onyo hilo lilichapwa mwaka 1913. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 vita vikubwa vikaingia Ulaya, na kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimefika Afrika ya Mashariki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo ukapata majarida yake. Jack Scruby wa California, aliyekuwa akisubu askari yeye mwenyewe, alianza kutoa War Game Digest mwaka 1957. Donald Featherstone wa Southampton, ambaye katika vita hivyo alikuwa askari wa vifaru, alitoa kitabu chake War Games mwaka 1962, na mwaka huo huo akaanzisha Wargamer's Newsletter, lililoendelea hadi mwaka 1980. Majarida hayo ya mwanzo yalifanana na barua za marafiki kwa marafiki. Mwaka 1983 lilitokea Miniature Wargames, na mhariri wake wa kwanza, Duncan Macfarlane, akaanzisha Wargames Illustrated mwaka 1987. Hapo picha za rangi zikachukua nafasi kubwa, na msomaji akaanza kununua kwa macho kabla ya kununua kwa fedha.

Hiyo ndiyo historia. Sasa tuingie katika hukumu, na tuanze kwa sifa, kwa maana mhakiki anayemnyima mtu sifa anayostahili hataaminiwa akija kumlaumu.

Sifa ya kwanza ni ya mkono. Mchongaji hufunga kiunzi cha waya, akakivika udongo maalumu ugandao, akachonga kwa vyombo vilivyo vyembamba kama sindano. Kutoka sanamu hiyo moja hutengenezwa kalibu ya mpira. Kalibu huzungushwa kwa kasi, madini yaliyoyeyuka yakasukumwa hadi katika kila pembe, na askari kumi, ishirini au zaidi hutoka kwa mara moja. Wengine siku hizi husubiwa kwa plastiki katika kalibu za chuma zilizo ghali sana kuzitengeneza. Viungo vyao hutoka vimeshikana katika kijiti cha plastiki, na mnunuzi huvikata na kuviunga kwa gundi. Wengine wapya zaidi huchongwa kwa kompyuta, wakajengwa tabaka juu ya tabaka kwa utomvu ugandishwao na mwanga. Njia zote hizo zimemfikisha mchongaji mahali ambapo uso wa mtu, ulio mdogo kama punje ya mtama, waweza kuonyesha uchovu au hofu. Hilo si jambo dogo.

Sifa ya pili ni ya subira na elimu. Askari hawa huuzwa bila rangi, na mwenyewe ndiye anayewapaka. Hupaka rangi ya msingi, akapaka nguo na ngozi, akaacha rangi nyepesi ya giza itiririke katika mikunjo, kisha akagusa sehemu zilizoinuka kwa rangi angavu, na mwisho akamimina mchanga na gundi chini ya miguu yao. Kikosi cha askari arobaini ni kazi ya majuma. Wala hawezi kupaka bila ya kusoma. Anayetaka kuwapanga askari waliopigana Waterloo mwaka 1815 hana budi kujua kikosi kipi kilivaa koti la rangi gani, kola yake ilikuwaje, na nani alisimama ubavuni mwa nani. Hivyo kijana aliyeanza kwa kupenda rangi hujikuta katika maktaba. Wako watu waliopata kuipenda historia kwa mlango huu mdogo, na mlango wowote unaomwingiza mtu katika maktaba mimi sitaufunga.

Majarida yana sehemu yao katika elimu hiyo. Jarida zuri la mchezo huu humpa msomaji habari ya vita fulani pamoja na ramani; humweleza jinsi ya kuvileta vita hivyo mezani; humfundisha kupaka ngozi ya farasi au matope ya buti; tena humjulisha askari wapya waliotoka. Mara nyingine jarida hufungwa pamoja na zawadi, kijiti cha plastiki chenye askari kadhaa, ili msomaji aonje. Makala bora katika majarida haya ni yale yanayoandikwa na mtu aliyeutembelea uwanja wa vita kwa miguu yake, akaona kwamba kilima kinachoonekana kidogo katika ramani humtoa mtu jasho kukipanda. Makala ya namna hiyo huweza kusomwa kwa faida hata na mtu asiyemiliki askari mmoja.

Sasa lawama. Ya kwanza yahusu ukurasa wa askari wapya. Mhakiki wa jarida huuliza kama askari amesubiwa vizuri, kama vifungo vyake ni sahihi, kama kimo chake chalingana na cha askari wa kampuni nyingine, na kama bei yake yafaa. Ni maswali mema yote. Lakini hukumu zake kwa kawaida ni tamu, na sababu haiko mbali: geuza ukurasa, utaona tangazo la yule yule aliyemtoa askari. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Siwashitaki wahariri kwa udanganyifu. Nasema tu kwamba jarida linaloishi kwa fedha za matangazo hupata shida kumwambia mtangazaji kwamba kazi yake haikustahili kufanywa. Kwa hiyo swali kubwa, kwa nini askari huyu na si mtu mwingine, halipati nafasi. Hulijibu ni soko.

Lawama ya pili yahusu umbo. Askari wa milimita 28 ni mdogo kwa mtu wa kweli kwa karibu mara sitini. Mtutu wa bunduki yake, ukipunguzwa kwa kiasi hicho hicho, utakuwa mwembamba kama theluthi ya milimita. Hautaonekana vizuri, tena utavunjika ukiguswa. Basi mchongaji huinenepesha bunduki, akaukuza mkono unaoishika, akakikuza na kichwa ili uso uonekane. Ni hila ya lazima, na wachongaji wa zamani katika nchi nyingi wameitumia. Lakini tuitambue. Katika kila sanaa ya kupunguza, kinachokuzwa ndicho kinachohesabiwa kuwa na maana. Hapa vilivyokuzwa ni silaha, mkono wa silaha na uso wa ushujaa. Miguu imebaki kama ilivyo, na tumbo halikutajwa.

Lawama ya tatu yahusu nchi yenyewe. Kama mtu amepunguzwa mara sitini, na nchi ingepunguzwa mara sitini, bunduki inayopiga umbali wa mita 300 ingetaka meza yenye urefu wa mita 5. Meza ya futi sita haifiki hata mita 2. Kwa hiyo kanuni huufupisha umbali zaidi kuliko zinavyomfupisha mtu. Majeshi huwekwa mahali ambapo baada ya hatua mbili tatu huonana uso kwa uso. Kwa vita vingine hasara si kubwa, maana kuonana ndiko kulikokuwa vita vyenyewe. Kwa vita vyetu hasara ni kubwa mno, na hapa ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji.

Wachezaji wa Uingereza na Marekani hawakuisahau Afrika. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza ilitoa mfululizo wa askari wa Afrika ya Kati na Mashariki wa karne ya 19, waliochongwa na Mark Copplestone, naye Chris Peers akaandika makala juu ya vita vya nchi hizo katika Wargames Illustrated. Kwa kazi ya mkono, mfululizo huo wastahili sifa: watu wake wamesimama kama watu, kila mmoja na tabia yake. Lakini jina ulilopewa ni la Afrika ya giza kuu, na jina hilo lilikwisha tumiwa na H. M. Stanley kwa kitabu chake cha mwaka 1890. Giza lilikuwa katika macho ya msafiri. Wenyeji walikuwa wakiamka kila siku kwa jua lile lile. Ni ajabu kwamba watu waliochongwa kwa uangalifu na nuru nyingi hivi walitiwa katika sanduku lililoandikwa giza.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 navyo vina askari wake wa mezani. Wamekwisha chongwa askari wa King's African Rifles, askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, na askari wa Kihindi waliokuja kwa meli. Vita vinavyofaa sana kwa mchezo ni vya Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi, watu wapata 8,000, lilishuka pwani hapo, likashindwa na watu wapata 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao walikuwa askari Waafrika. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma watu vitani, na hadithi yao imesafiri mbali kuliko majina ya waliokufa. Mchezaji hupata hapa kila anachokitaka: pwani, minazi, mji, reli, wachache dhidi ya wengi, na mkosi ambao ni rahisi kuuandikia kanuni ya dadu.

Lakini mapigano ya Tanga yalikuwa ya siku chache tu. Vita vyenyewe vilidumu miaka minne na zaidi, mpaka von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka hiyo siku za kupigana zilikuwa chache. Siku za kutembea zilikuwa nyingi. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na barabara zilikuwa haba. Chakula, risasi, dawa na mahema vilibebwa juu ya vichwa vya watu. Waliobeba waliitwa Carrier Corps, na jina hilo lilipopita katika vinywa vyetu likawa Kariokor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam. Waliochukuliwa walikuwa mamia ya maelfu. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu.

Ili tuone uzito wa jambo hili tufanye hesabu ya mfano, ambayo mwanafunzi aweza kuipima mwenyewe. Mpagazi abebe kilo 25 za unga, na kila siku ale kilo moja. Akitembea siku 10 kwenda, atakula kilo 10 njiani. Na siku 10 za kurudi zataka kilo nyingine 10. Atakayowaachia askari ni kilo 5. Safari ikiwa ya siku 12, atawaachia kilo moja. Ikiwa ya siku 13, hana cha kumwachia mtu, na yeye mwenyewe atarudi na njaa. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kusonga mbele, ndipo wapagazi walipozidi kutakiwa, na ndipo wapagazi wenyewe walipozidi kuhitaji wapagazi wa kuwabebea chakula. Hesabu hiyo ndiyo vita vya Afrika ya Mashariki. Haihitaji dadu, wala haina bahati ndani yake.

Basi tazama tena mezani. Yuko wapi mtu huyu? Sitasema kwamba hakuchongwa kabisa, kwa maana wachongaji wengine wamemchonga na mzigo wake kichwani. Lakini katika michezo mingi hana kazi isipokuwa kulindwa na upande mmoja na kutekwa na upande wa pili, kama kilima au kama kundi la ng'ombe. Mara nyingi hawekwi kabisa, kwa sababu hana bunduki, hatupi dadu, na kumpaka rangi ni kazi ile ile ya kumpaka askari. Mnunuzi mwenye fedha ya watu ishirini hununua wapiganaji ishirini. Hivyo jeshi la mezani hutembea bila ya kula, hupiga bila ya kubebewa risasi, na hushinda bila ya kumzika mtu. Vifungo vyake ni vya kweli. Vita vyake si vya kweli.

Najua jibu la mchezaji, na ni haki lisikilizwe. Atasema kwamba mchezo ni mchezo. Hautakiwi kuyabeba yote yaliyotokea, kwa maana hapana atakayekaa jioni nzima akihesabu unga. Atasema pia kwamba hata sisi hatuzililii kete zinapoliwa katika bao. Atamtaja Wells, aliyetamani wenye kupenda vita wapewe askari wa risasi wacheze nao chumbani, waache dunia ikae salama. Jibu hili lina nguvu. Ningependa zaidi mtu mwenye hamu ya kuwa jemadari aitoe hamu yake juu ya kitambaa cha kijani kuliko juu ya shamba la mtu. Tena mchezo huu humfundisha mchezaji unyenyekevu, kwa maana mpango wake mzuri huvunjika mbele ya macho yake.

Lakini hoja ya kete haitoshi. Kete ya bao ni mbegu ya mkomwe. Haina uso, haina jina, wala haidai kuwa mtu. Vipande vyekundu na vya buluu vya von Reisswitz navyo havikudai. Askari wa milimita 28 adai. Yeye na jarida lake wanajisifu kwamba koti ni la kikosi fulani cha mwaka fulani, na kwamba mkanda unapita chini ya bega kama ulivyopita zamani. Aliyejigamba kwa ukweli wa kifungo asikatae kuulizwa ukweli wa mzigo. Kama kweli ndogo imestahili juhudi zote hizi, kweli kubwa yastahili angalau ukurasa mmoja katika kitabu cha kanuni.

Wala haiwezekani kusemwa kwamba mzigo hauchezeki. Unga unaopungua ni adui mwenye subira kuliko mzinga, na mchezaji anayelazimishwa kuchagua kati ya kusonga mbele na kuwalisha watu wake anapewa shida ya kweli ya ujemadari. Mwanafunzi asiye na fedha ya kununua askari aweza kujaribu. Chora ramani kutoka Kilimanjaro hadi mto Rufiji. Weka maharagwe kuwa askari na punje za mahindi kuwa wapagazi. Kila siku ya mwendo ondoa unga kwa hesabu tuliyoifanya, na kila unga unapokosekana ondoa punje. Kabla maharagwe hayajafika mtoni utajua jambo ambalo picha za rangi hazikupata kukuambia. Na punje ulizoziondoa usizirudishe sandukuni mara moja. Ziache kwanza mezani, uzihesabu.

Hukumu yangu basi ni hii. Askari wadogo ni kazi ya sanaa, na wachongaji wao ni mafundi wa kuheshimiwa. Majarida yao hufundisha kutazama, kusoma na kusubiri, na kwa hayo yana faida kwa kijana. Kasoro yao ni kwamba yamekubali soko liwachagulie watu wa kukumbukwa, na soko hupenda mwenye bunduki. Msomaji anayeyasoma na ayasome kwa furaha, lakini kila afunguapo ukurasa wa askari wapya aulize maswali matatu: nani amechongwa, nani ameachwa, na aliyechongwa alikula nini siku hiyo.

Kazi hii ya kuchagua nani asimame si ngeni kwetu, na ushahidi wake umo katika miji yetu. Dar es Salaam ina sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni askari mmoja, na bunduki yake mbele yake. Nairobi ina sanamu zilizosimamishwa mwaka 1928, kando ya barabara ambayo sasa inaitwa Kenyatta Avenue. Hapo watu ni watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Vita vilikuwa vile vile, na miaka ilikaribiana. Mwanafunzi atakayepita Nairobi na asimame hapo kidogo. Amtazame mtu huyo wa tatu kama wachezaji wanavyowatazama askari wao, kwa karibu na kwa subira, kisha aende Kariokor sokoni aulize jina hilo lilitoka wapi.